Viti Saba vya Nairobi na Kura za Homa Bay na Migori

Tarehe 20 Februari 2018, Jaji Joseph Karanja wa Mahakama Kuu ya Homa Bay alibatilisha ushindi wa Gavana Cyprian Awiti. Mlalamishi alikuwa Oyugi Magwanga, mbunge wa zamani wa Kasipul. Julai mwaka huo Mahakama ya Rufaa mjini Kisumu ikaunga mkono uamuzi huo, na ikaonekana wazi kwamba wakazi wa Homa Bay wangerudi debeni. Hawakurudi. Februari 2019 Mahakama ya Juu ilizitengua hukumu zote mbili, na Awiti akaongoza kaunti hadi 2022. Jirani zao wa Migori walikuwa wameyapitia hayo mapema zaidi: baada ya uchaguzi wa 2013 Mahakama ya Rufaa ilimvua Gavana Okoth Obado ushindi wake, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikamrudishia.

Watu wanaongoja kesi zao katika mahakama za Rongo, Oyugis au Kehancha huuliza swali moja ambalo ni la haki kabisa. Sheria ni moja, fomu za matokeo ni zilezile, inakuwaje majaji wa ngazi tatu waone mambo tofauti? Wengi hujijibu wenyewe kwamba kuna aliyetumwa au aliyenunuliwa. Jibu hilo ni la haraka mno, na linatuzuia kutazama mahali ambapo uzito wa mahakama hii hubadilika kweli: nani anaingia, ameingia kwa mlango upi, anaondoka lini, na siku ya kesi ni wangapi walioketi.

Nianze na sheria yenyewe. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi, kwa maneno mepesi, kilisema hivi wakati wa uchaguzi wa 2017: kura haitabatilishwa ikiwa iliendeshwa kwa kufuata misingi ya Katiba na sheria, au ikiwa kasoro zilizotokea hazikuathiri matokeo. Mambo hayo ni mawili, na ubishi wote uko katika namna ya kuyaunganisha. Jaji anaweza kusema kwamba mwendo mbovu peke yake unatosha kuangusha uchaguzi, hata kama hakuna anayeweza kuonyesha ni kura ngapi zilizopotea. Jaji mwingine anaweza kusema kwamba kasoro zipo kila uchaguzi, na mwananchi aliyepanga foleni tangu alfajiri asinyang'anywe kura yake mpaka ithibitishwe kwamba hesabu yenyewe ilipinda. Hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji kutumwa. Ni misimamo miwili ya kisheria yenye heshima, na kila mmoja una wafuasi wake katika nchi nyingi. Kwa hiyo ukitaka kujua kesi yako itaelekea wapi, lazima ujue wenye msimamo huu ni wangapi na wenye ule ni wangapi.

Katiba ya 2010 ilianzisha Mahakama ya Juu yenye viti saba: Jaji Mkuu, Naibu wake, na majaji watano. Ili iketi ni lazima wawepo watano, wala si chini ya hapo. Kesi ya kupinga ushindi wa rais hufunguliwa humo moja kwa moja, ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa, na uamuzi hutolewa ndani ya siku 14. Kesi za magavana hupanda ngazi, kutoka Mahakama Kuu ya Homa Bay au Migori hadi Mahakama ya Rufaa Kisumu, kisha Nairobi.

Sasa tazama jinsi viti hivyo vilivyobadilika kati ya kesi mbili za Raila Odinga. Tarehe 30 Machi 2013, majaji sita walioketi walikubaliana wote kuitupa kesi yake: Jaji Mkuu Willy Mutunga, Philip Tunoi, Jackton Ojwang, Mohammed Ibrahim, Smokin Wanjala na Njoki Ndung'u. Naibu Jaji Mkuu wa kwanza, Nancy Baraza, alikuwa amejiuzulu mwaka uliotangulia, na kiti chake kilikuwa wazi. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Septemba 2017, mahakama hiyohiyo iliubatilisha uchaguzi wa rais wa Agosti 8, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea barani Afrika. Kura zilikuwa nne kwa mbili.

Wanne walioubatilisha ni Jaji Mkuu David Maraga, Naibu wake Philomena Mwilu, Isaac Lenaola na Smokin Wanjala. Waliopinga ni Ojwang na Njoki Ndung'u. Ibrahim aliugua katikati ya kesi, hakupiga kura. Watatu kati ya wale wanne, yaani Maraga, Mwilu na Lenaola, hawakuwepo 2013. Waliingia Oktoba 2016 baada ya Mutunga, Tunoi na aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, Kalpana Rawal, kuondoka. Katika wakongwe, ni Wanjala peke yake aliyehamia upande wa kubatilisha. Ondoa mmoja tu kati ya wale watatu wapya, weka mwenye mtazamo wa Ojwang, na hesabu inakuwa tatu kwa tatu.

Sisemi kwamba ushahidi wa 2017 ulikuwa sawa na wa 2013. Haukuwa sawa. Tume ya uchaguzi iliamriwa ifungue mitambo yake ya kompyuta ikaguliwe, haikutii ipasavyo, na majaji wanne waliipima hatua hiyo dhidi yake. Lakini hata ushahidi hupimwa na mtu, na watu walikuwa wamebadilika.

Hapo ndipo penye jambo ambalo natamani kila mpiga kura wa Ndhiwa na Nyatike alijue. Waliowaapisha Maraga, Mwilu na Lenaola hawakuwa upinzani. Aliyewateua rasmi ni Rais Uhuru Kenyatta, na chini ya mwaka mmoja baadaye wote watatu walikipindua kitu alichokithamini kuliko vyote, ushindi wake mwenyewe. Aliweza kutia saini uteuzi wao, lakini hakuweza kuwachagua. Nitarudi kwenye tofauti hiyo hivi punde.

Furaha ya Septemba 1 katika miji ya Migori na Homa Bay haikudumu. Uchaguzi wa marudio ulipangwa Oktoba 26, na siku moja kabla, Mahakama ya Juu ilitakiwa kusikiliza ombi la kuuahirisha. Maraga na Lenaola pekee ndio waliofika. Dereva wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi usiku uliotangulia, Ibrahim alikuwa kwenye matibabu ng'ambo, na waliosalia hawakufika kwa sababu mbalimbali. Wawili si watano, hivyo kesi haikusikilizwa na uchaguzi ukaendelea. Siku hiyo kura hazikupigwa katika kaunti nne: Kisumu, Siaya, Migori na Homa Bay. Kisha Novemba 20, majaji walewale walioufuta uchaguzi wa Agosti waliuidhinisha ule wa Oktoba kwa kauli moja, pamoja na hayo yote.

Wengi katika kaunti hizi mbili waliumia sana siku hiyo, na maumivu yao nayaelewa. Ila kama mahakama ingekuwa ya upande fulani, isingeweza kufanya yote mawili ndani ya siku 80.

Kuna imani nyingine inayotupoteza zaidi: kwamba tukiwa na "mtu wetu" kwenye benchi, mambo yetu yatakuwa salama. Historia ya Migori inaikanusha bila huruma. Jaji Jackton Ojwang, profesa wa sheria mwenye makazi katika kaunti hiyo, ni mmoja wa wawili waliokataa kuufuta uchaguzi wa Agosti 2017. Eneo lililompa nyumbani lilikuwa likiomba jambo lingine, naye akaandika uamuzi mrefu wa kupinga. Unaweza kuukosoa uamuzi huo. Wapo wasomi walioukosoa kwa hoja nzito. Huwezi kusema aliamua kwa kuangalia kijiji.

Ojwang huyohuyo ndiye aliyetufundisha jinsi jaji wa Mahakama ya Juu anavyoweza kuondolewa. Wakazi wa eneo la miwa linalokihudumia kiwanda cha Sony Sugar, Awendo, walimshtaki mbele ya Tume ya Huduma za Mahakama, ile tunayoiita JSC. Walidai kwamba aliingilia kesi iliyohusu kiwanda hicho, na kwamba serikali ya Kaunti ya Migori ilijenga barabara ya kuelekea nyumbani kwake kama malipo. Machi 2019 JSC iliona kuna mambo ya kuchunguzwa, ikampelekea rais pendekezo la kuunda jopo. Jaji alisimamishwa kazi. Agosti mwaka huo jopo lililoongozwa na Jaji Alnashir Visram lilimwondolea lawama, akarudi kazini, na Februari 2020 akastaafu alipofikisha miaka 70.

Nataka msomaji azingatie mambo mawili katika kisa hicho. Kwanza, waliosababisha jaji wa mahakama ya ngazi ya juu kabisa nchini achunguzwe hawakuwa mawaziri wala maseneta. Walikuwa wakazi wa eneo la wakulima wa miwa, kwa kuandika malalamiko. Pili, mfumo uliompa jaji nafasi ya kujitetea ndio uliomsafisha. Pale Awendo watu bado wanabishana kuhusu barabara ile, na ni haki yao kubishana. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba rais hakuweza kumfukuza Ojwang kwa simu, na mwaka 1989 angeweza. Bunge liliuondoa ulinzi wa ajira ya majaji mwaka 1988, ukarudishwa 1990, na katikati hapo jaji alikuwa mfanyakazi wa Ikulu kama wengine. Jeraha hilo ndilo lililofanya upinzani ukatae kwenda mahakamani baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Walisema hawangepata haki mbele ya majaji walioteuliwa na mshindani wao. Kilichofuata barabarani, Migori na kwingineko, tunakijua, na Katiba ya 2010 ilitoka kwenye majivu hayo.

Ndiyo maana mlango wa kuingilia Mahakama ya Juu ulijengwa upya. Katiba inasema rais huteua majaji kwa kufuata pendekezo la JSC. Jaji Mkuu na Naibu wake huhitaji pia kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Wale watano wengine hawapiti bungeni kabisa. Mlango huo ulijaribiwa mapema. Januari 2011 Rais Mwai Kibaki alimtaja Visram huyohuyo kuwa Jaji Mkuu kabla ya JSC kufanya kazi yake. Mahakama Kuu ikasema Katiba imekiukwa, Kibaki akayaondoa majina, na nafasi ikatangazwa. Wakenya wakakaa mbele ya televisheni kuwatazama mawakili na majaji wakihojiwa kuhusu mali zao, hukumu zao na maisha yao. Aliyeshinda ni Mutunga, mtu aliyewekwa kizuizini mwaka 1982 na serikali ya wakati huo.

JSC yenyewe ina watu 11, na hesabu yao ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Watano hutoka mahakamani: Jaji Mkuu akiwa mwenyekiti, jaji wa Mahakama ya Juu, jaji wa Mahakama ya Rufaa, jaji wa Mahakama Kuu na hakimu mmoja, hao wanne wakichaguliwa na wenzao. Wawili ni mawakili, mwanamke na mwanamume, waliochaguliwa na mawakili wote nchini. Waliobaki ni wanne: Mwanasheria Mkuu, mmoja kutoka Tume ya Utumishi wa Umma, na wawakilishi wawili wa wananchi wasio wanasheria, ambao rais huwateua na Bunge huwaidhinisha. Kwa hiyo upande unaoweza kuvutwa na Ikulu una wanne kati ya 11. Hawatoshi kumpitisha mtu peke yao. Lakini wanahitaji wawili tu kutoka mahakamani au kwa mawakili ili wawe wengi, na hapo ndipo mapambano ya kweli ya kuunda mahakama yanapofanyika, kimya kimya, kwenye chaguzi za mawakili na za mahakimu ambazo hakuna redio inayozitangaza moja kwa moja. Wakili wa Homa Bay anayepiga kura kumchagua mwakilishi wa mawakili katika JSC anagusa Mahakama ya Juu kuliko mbunge wake.

Wanasiasa wamejaribu kuupanua mlango huo upande wao. Desemba 2015 Bunge lilibadilisha sheria ili JSC imletee rais majina matatu ya Jaji Mkuu naye achague mojawapo. Mei 2016 majaji watano wa Mahakama Kuu waliifuta sheria hiyo, miezi michache tu kabla ya Maraga kupendekezwa. Kama sheria hiyo ingesimama, pengine Septemba 1, 2017 isingekuwa siku tunayoikumbuka. Kisha Rais Kenyatta alikaa na orodha ya majaji wa mahakama za chini tangu 2019, akakataa kuwateua. Juni 2021 aliwateua 34 na kuwaacha sita, miongoni mwao George Odunga na Joel Ngugi, waliokuwa mwezi uliotangulia kwenye jopo la Mahakama Kuu lililozuia BBI, mpango wa kubadilisha Katiba. Sita hao waliapishwa Septemba 2022, Rais William Ruto alipoingia madarakani. Mafunzo ya miaka hiyo ni machungu: rais hawezi kuchagua jaji, lakini anaweza kumchelewesha, na kuchelewesha kuna nguvu zake.

Nguvu ya viti vitupu ilionekana waziwazi Juni 2016. Mutunga alistaafu mapema kwa hiari yake, na kesi ya Rawal na Tunoi, waliotaka kustaafu wakiwa na miaka 74, ilikwisha kwa wao kuambiwa umri ni 70. Wakabaki majaji wanne, na kwa miezi kadhaa Mahakama ya Juu haikuweza kuketi hata mara moja. Mwaka 2021, kati ya Januari Maraga alipostaafu na Mei Jaji Mkuu Martha Koome na Jaji William Ouko walipoingia, walikuwepo watano kamili. Jaji mmoja angeugua homa tu, mahakama ingefungwa.

Kuna njia nyingine ya kupunguza viti ambayo watu huisahau: jaji aliyewahi kuamua kesi fulani katika mahakama ya chini hawezi kuisikiliza tena juu. Chukua ile kesi iliyozua ghadhabu kubwa zaidi Homa Bay katika miaka ya karibuni, kuhusu iwapo serikali inaweza kukataa kusajili shirika la kutetea haki za watu wa mapenzi ya jinsia moja. Jaji Lenaola alikuwa kwenye jopo la Mahakama Kuu lililoiamua mwaka 2015. Jaji Koome alikuwa kwenye Mahakama ya Rufaa ilipoamua 2019, kwa kura tatu dhidi ya mbili. Ilipofika Mahakama ya Juu, wote wawili walikuwa nje, na wakabaki watano tu. Tarehe 24 Februari 2023, Mwilu, Wanjala na Njoki Ndung'u waliamua kwamba shirika lisajiliwe, kwa hoja ya uhuru wa kujumuika. Ibrahim na Ouko walipinga. Tatu kwa mbili tena.

Mbunge wa Homa Bay Town, Peter Kaluma, alikwenda Mahakama ya Juu kuomba uamuzi huo uangaliwe upya, na Septemba 2023 ombi lake likakataliwa. Watu wake waliona mahakama imeipa kisogo jamii nzima. Mimi ninayesoma hukumu kwa kazi niliona jambo la kiufundi zaidi, ambalo nadhani linawahusu wanaokubaliana na Kaluma na wasiokubaliana naye vilevile: uamuzi mkubwa wa kijamii katika taifa la watu zaidi ya milioni 50 ulitegemea kiti kimoja, na kiti hicho kilitegemea ni nani aliyekuwa ameisikia kesi hiyo miaka minane nyuma.

Si siasa na maadili pekee. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, mahakama hiyo ilisema hukumu ya kifo ya lazima kwa muuaji inakiuka Katiba. Wafungwa nchi nzima, pamoja na waliokuwa wakipitia mahakama za Homa Bay na Migori, wakaanza kuomba wahukumiwe upya, wakiwemo wa wizi wa mabavu na wa makosa ya kunajisi. Majaji wa chini walitofautiana. Julai 2021, chini ya Jaji Mkuu mpya, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba uamuzi wa Muruatetu ulihusu mauaji peke yake. Kwa mfungwa mwenye kosa la wizi wa mabavu ambaye ombi lake lilikuwa bado mezani, aya chache zilizoandikwa Nairobi zilikuwa tofauti ya kurudi nyumbani na kubaki ndani.

Wakenya wanaofuatilia habari za Marekani hupenda kuitazama mahakama yetu kwa macho ya kule. Marekani majaji tisa hukaa maisha yao yote wakitaka, na rais huchagua anayemtaka mradi Seneti ikubali. Ruth Bader Ginsburg alipofariki Septemba 2020, Rais Donald Trump alimweka Amy Coney Barrett kabla ya uchaguzi wa Novemba, na mwaka 2022 mahakama hiyo ikafuta haki ya kutoa mimba iliyokuwepo tangu 1973. Huko unaweza kusema jaji huyu ni wa chama hiki. Kwetu kipimo hicho hakifai. Ibrahim, Wanjala na Njoki Ndung'u waliingia pamoja 2011 na walitofautiana mara nyingi. Mizani yetu hupinda kwa sababu nyingine: umri wa miaka 70, tofauti ya waliotoka kwenye uhakimu wa muda mrefu na waliotoka vyuo vikuu au uwakili, ugonjwa, kuchelewa kwa uteuzi, na sasa pia malalamiko. Mwanzoni mwa 2025 JSC ilikuwa na maombi ya kuwaondoa majaji wote saba kwa mpigo, na Mahakama Kuu ikasimamisha shughuli hiyo. Mtu ana haki ya kumshtaki jaji, kama watu wa Awendo walivyofanya. Ila kuwashtaki wote saba pamoja ni kutaka viti vyote vijazwe na tume moja, katika msimu mmoja wa kisiasa, chini ya rais mmoja. Hilo naliona hatari hata kama kila mmoja wao ana la kujibu.

Desemba 2025 Jaji Mohammed Ibrahim alifariki, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 70. Alikuwa kwenye mahakama hiyo tangu siku yake ya kwanza, na kiti chake ndicho cha kwanza kufunguka tangu 2021. Hilo ni pengo la mmoja wa majaji wawili waliopinga uamuzi wa Februari 2023, na la jaji aliyeketi 2013 na 2022 kesi za urais zilipotupwa kwa kauli moja. Anayepokea kiti hicho ana nafasi kubwa ya kuamua kesi ya urais ikitokea baada ya Agosti 2027, ambapo Raila Odinga, aliyefariki Oktoba 2025, hatakuwa mmoja wa wanaogombana.

Nafasi kama hiyo inapotokea, JSC hutangaza, hupokea maombi, huchuja majina, kisha huyachapisha na kuwaomba wananchi watoe wanayoyajua kuhusu kila mwombaji. Kipindi hicho hupita bila barua nyingi kutoka kwetu. Mkulima aliyeshindwa kesi ya shamba mbele ya jaji anayetafuta kupandishwa anajua mambo ambayo hakuna profesa anayejua: kama hukumu ilichelewa, kama alisikilizwa, kama jaji alisoma karatasi zake. Akiandika kurasa mbili kwa Kiswahili na kutia sahihi, mwombaji anaweza kutakiwa kuyajibu mbele ya kamera.

Mbele yetu kuna tarehe nyingine mbili. Naibu Jaji Mkuu Mwilu anatarajiwa kufikisha umri wa kustaafu mwaka 2028, na Jaji Mkuu Koome mwaka 2030. Hivyo ndivyo viti viwili vinavyopita bungeni. Homa Bay ina maeneobunge manane na Migori manane. Ukiongeza wawakilishi wa wanawake wawili, kaunti hizi zinapeleka watu 18 katika Bunge la Kitaifa. Hao 18 watakaochaguliwa Agosti 2027, kutoka Gwassi hadi Kuria Mashariki, ndio watakaoinua mkono au kuukataa kila jina litakapoletwa. Wakija kuomba kura, waulizwe wamewahi kusoma hukumu ipi ya mahakama hiyo, na watamuuliza nini mtu anayetaka kuiongoza.